Land Rover 109 isiyoona bahari: miezi 14 ya kuifufua uani kwangu Mikindani

Gari la kwanza nililikuta Lindi, hatua chache kutoka ufukweni, limepigwa rangi mpya ya kijani inayong'aa hadi unajiona uso. Muuzaji alitaka milioni saba. Bodi haikuwa na doa, siti zilishonwa upya, injini ikawaka kwa kugusa ufunguo tu. Nililizunguka mara mbili, na moyo ulishakubali. Fundi niliyekwenda naye hata mlango hakufungua. Alilala chali chini ya gari, akatoa nyundo ndogo mfukoni, akaanza kugonga chasisi kutoka mbele kwenda nyuma. Ngri, ngri, ngri. Alipofika usawa wa siti ya dereva mlio ukabadilika, ukawa dup, kama anayegonga boga, na magamba ya kutu yakamdondokea usoni. Akatoka, akajifuta, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapa unauziwa rangi."

Naanza na hilo kwa sababu yeyote anayetafuta Land Rover ya zamani huku kwetu Kusini atakutana nalo. Bodi za magari haya ni za aloi ya alumini. Yalipoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948, Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao na alumini inapatikana, basi wakatumia alumini. Haishiki ile kutu nyekundu tunayoijua. Ndiyo maana gari linaweza kukaa miaka 40 likaonekana zima, wakati chasisi ya chuma inayolibeba imeoza ndani kwa ndani. Chasisi yenyewe ni kama boksi refu lenye uwazi. Matope yakiziba vile vitundu vya kutolea maji, unyevu unabaki humo humo, na hewa yetu ya chumvi inamalizia kazi.

Miezi miwili baadaye, jamaa yangu mnunuzi wa ufuta akanipigia simu kutoka Nachingwea. Kuna Series III (toleo la tatu la Land Rover hizi za zamani), 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), pikapu ya petroli, imelala kwenye banda la korosho tangu 2009. Nilipanda basi siku ya pili yake. Mwenyeji alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu, amekaa kwenye mkeka nje ya banda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwalimu. Pita ulione. Hili halijaona bahari."

Kwa macho lilikuwa takataka. Rangi imepauka, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya, kuku ametaga chini ya siti ya katikati, injini imejamu haigeuki kabisa. Lakini fundi alipogonga, chasisi ikaitikia vizuri mita hadi mita. Iliyooza ilikuwa mikono miwili inayobeba ukuta kati ya injini na kabini, na ile boriti ya mwisho kule nyuma panapofungwa ndoano ya kuvutia. Hizo zote zinachongeka. Tukakubaliana milioni tatu na laki nane.

Kadi ya gari ilisoma jina la kaka yake yule mzee, marehemu. Mzee hakunificha, na nyumbani kwao hakuna aliyekuwa na ugomvi juu ya gari lile, ila kisheria hakuwa na uwezo wa kuniuzia. Nilitoa laki tano ya kishika uchumba, tukaandikishana mbele ya mtendaji, kisha nikasubiri wiki saba hadi mahakama ya mwanzo ikamteua msimamizi wa mirathi. Yeye ndiye aliyesaini mauziano, na kwa karatasi zile kuhamisha umiliki TRA kulikwenda bila kukwama. Walio wengi wanaruka hatua hii kwa kuwa "ni gari bovu tu". Utakapokuwa umelitia milioni kumi halitakuwa bovu tena, na hapo ndipo ndugu wa marehemu hujitokeza. Jambo jingine la siku hiyo hiyo: piga brashi ya waya kwenye chasisi, mbele upande wa kulia karibu na hanga ya springi, usome namba iliyogongwa pale, tarakimu moja moja, ukilinganisha na kadi. Yangu ilioana. Baadaye nilimkataza kila mtu kupeleka grainda sehemu hiyo.

Lilikuja Mikindani juu ya Fuso iliyokuwa inarudi Mtwara tupu mwezi wa nane, kwa laki nne na nusu. Ukingoja msimu wa korosho uanze hiyo Oktoba, gari tupu hulipati, na ukilipata utalipa mara mbili. Tulilipandisha kwa kulisukuma kwenye tuta la udongo, tukapita Masasi, Ndanda, Mtama na Mnazi Mmoja, mimi nimekaa kabini nageuka nyuma kila baada ya dakika kuangalia kamba.

Kazi ya chasisi ndiyo iliyonifundisha mengi. Fundi wa kuchomelea alitoka Chikongola na mashine yake. Vijana sita walinyanyua karai la nyuma, ile sehemu ya kubebea mizigo, likatoka zima, baada ya siku mbili za kukata bolti kwa grainda, maana bolti za chuma zilizokaa ndani ya alumini miaka yote hiyo hazifunguki kwa spana. Kila palipogusana chuma na alumini palikuwa na unga mweupe, kama chokaa, na ukiukwangua unakuta alumini imeliwa hadi imetoboka. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo tuliporudisha bodi tulikata tyubu chakavu za lori kuwa vipande, tukaweka kipande kila mahali pa kukutana. Hakuna gharama hapo, ni mkasi na uvumilivu.

Ile mikono miwili aliichonga upya kwa bati la milimita tatu. Namsifu kwa jinsi alivyoifunga. Hakukata yote miwili kwa pamoja. Alikata wa kulia peke yake, akauweka mpya na kuushikiza kwa vidoti vya kuchomelea, kisha akaning'iniza mlango na kuufunga taratibu akiinamisha sikio. Komeo lilipokwaruza, alivunja vile vidoti, akasogeza mkono upana wa ukucha, akashikiza tena. Mara nne hivyo. Ulipoingia bila kugusa popote ndipo akachomelea moja kwa moja, akahamia kushoto. Ningemwachia fundi wa haraka, leo milango isingefunga, na kosa la aina hiyo halirekebishiki bila kukata kila kitu upya.

Kwa ndani ya chasisi tulizibua vitundu vyote vya maji, tukaiacha ikauke wiki nzima, kisha tukapulizia oili chafu iliyolainishwa kwa dizeli, kwa kutumia bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya mikorosho. Lilidondosha oili uani siku tano, nikatandika maboksi na mchanga chini. Narudia kupulizia kila mvua za masika zikiisha.

Injini haikunisumbua kama nilivyoogopa. Ni ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, chuma kizito, haina kitu cha umeme wa kisasa. Nilitoa plagi, nikamimina mchanganyiko wa dizeli na oili kwenye kila tundu, nikaacha siku tisa nikiongeza kila jioni. Siku ya kumi niliingiza hendeli pale mbele, tukavuta mimi na mwanangu wa kidato cha pili, ikasogea upana wa kidole. Tukapiga kelele hadi majirani wakatoka. Hatukulazimisha. Tuliirudisha, tukaisogeza, tukairudisha, hadi ikazunguka mzunguko mzima. Hata hivyo nilifungua hedi, nikabadilisha ringi za pistoni na gasketi, nikapeleka valvu zikasagwe. Wakati wa kufunga, uwazi wa valvu ni milimita 0.25 kwa zote, za kuingiza na za kutoa. Ilipogoma kuwaka na kubaki inapiga chafya kwenye kabureta, tuligundua nyaya za plagi zimepangwa ovyo tangu zamani. Mpangilio wake ni 1-3-4-2. Tulipozipanga ikashika kwa mara ya pili ya ufunguo, moshi mweupe ukajaa uani, na yai la mwisho la yule kuku wa Nachingwea, ambalo nilikuwa bado sijaliona, likadondoka kutoka chini ya siti.

Wenye kabureta ya Zenith, kabla hamjanunua nyingine mpya, fungueni hiyo hiyo. Nyuso mbili za katikati hupinda kwa joto, hewa inapenya, injini inakosa utulivu ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyaga mafuta. Nilitandaza msasa laini juu ya kioo cha dirisha, nikasugua uso ule kwa kuzungusha pole pole na matone ya maji. Mwanzoni ulikuwa unang'aa pembeni tu. Baada ya kama saa moja uling'aa wote. Sijagusa kabureta tangu siku hiyo.

Breki ndizo zilizoniumiza. Niliagiza silinda ndogo za magurudumu yote manne kutoka duka moja la spea Dar es Salaam, nikahakikishiwa kwa simu ni orijino, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye maboksi mazuri. Wiki ya tatu pedali ilizama hadi chini nikishuka kuelekea bandarini Mtwara. Nilisimama kwa gia na breki ya mkono, miguu inatetemeka, mwanangu pembeni yangu. Tulipofungua tulikuta mpira wa ndani umevimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Duka likakataa kurudisha hata nusu. Sitaji jina, lakini nasema nilichojifunza: kabla ya kufunga, chukua ule mpira mmoja uulaze kwenye kikombe cha mafuta ya breki usiku kucha. Ukiamka umeongezeka ukubwa, usiufunge kwenye gari litakalobeba mtu. Seti ya pili niliinunua kwa kwenda mwenyewe hadi mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea Dar es Salaam, nauli yangu, nikiwa na ile ya zamani mkononi. Kutoa hewa kulihitaji watu wawili, mmoja chini na mmoja kwenye pedali: kanyaga, shikilia, achia. Tuliyasema maneno hayo hadi saa mbili usiku.

Kuhusu rangi, nilisubiri kiangazi, lakini kiangazi chetu kina kusi. Upepo ule ukianza kupanda saa nne asubuhi unaleta vumbi na chumvi pamoja. Tulipaka ndani ya banda la makuti kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, sakafu imemwagiwa maji vumbi lisinyanyuke, na kila kipande kimeoshwa kwanza kwa maji baridi ya bomba, hata kama kilioshwa jana, maana ukipitisha ulimi kwenye bati lililolala nje Mikindani usiku mmoja unaonja chumvi. Praima lazima iwe ile maalumu ya alumini. Fundi wa kwanza alitumia ya kawaida kwenye boneti, na mwezi wa pili ikabanduka kama ngozi ya nyoka.

Jumla yote, pamoja na bei ya kununulia, ni milioni 11 na laki nne. Matairi matano peke yake yalimeza milioni moja na laki sita. Ni zaidi ya bei ya lile la Lindi, nalijua hilo, na silijutii, kwa kuwa kila bolti ya hili naijua ilipo.

Barabarani ni gari la kilomita 70 kwa saa. Ukilazimisha 90 kelele zinazidi maongezi. Usukani ni mzito ukiwa umesimama, na petroli inakunywa lita moja kwa kama kilomita sita, kwa hiyo siyo gari la kwendea sokoni kila siku. Lakini Julai nilipanda nalo Newala. Utotoni niliipanda milima ile nyuma ya 109 ya abiria, tumebanana kwenye mabenchi tunaangaliana, magunia chini ya miguu, vumbi jekundu kwenye kope. Safari hii nilivuta nyuma kile kifimbo chekundu nikaingiza gia ndogo kwenye mwinuko wenye mchanga, likapanda bila kuhema, na mama mkubwa aliyekuwa pembeni yangu akashika dashibodi kwa mikono miwili akasema, "Mlio ule ule."

Bado oili inavuja kidogo kwenye ile tufe ya chuma nyuma ya gurudumu la mbele kulia, kwa sababu uso wake una vishimo vya kutu na sili haikai sawasawa. Nimeshaagiza tufe jipya. Mpaka lifike, naongeza oili kila Jumamosi na kuweka kopo chini.