Wakala alipokea samansi ya kampuni yangu, mimi nikaiona siku ya 13

Naandika maoni yangu kuhusu kampuni ya wakala ninayoilipa hasira zikiwa zimepungua kidogo, maana ningeandika wiki ile ingekuwa matusi matupu na mngenifungia.

Nina kakampuni ka usafi hapa Houston, tunasafisha ofisi na kliniki usiku, mimi na wadada wanne na mashine mbili za sakafu. Ni LLC ya Texas, yaani kampuni ambayo madeni yake hayamgusi mwenyewe moja kwa moja, niliifungua mwenyewe kwa dola 300, na kwenye fomu kuna sehemu ya wakala aliyesajiliwa, wenyewe wanasema rejistadi ejenti, nikajaza jina langu na anwani ya apatimenti yangu nikaona yameisha. Sheria inaruhusu. Wanachotaka ni mtu anayeishi Texas au kampuni yenye kibali, awe na anwani ya mtaa kabisa, sanduku la posta hawalitaki, halafu awepo pale saa za kazi ili mtu akija na karatasi za mahakama amkute. Sasa saa za kazi za watu ndiyo saa zangu za kulala. Narudi asubuhi miguu imevimba, nalala kama gogo mpaka alasiri, eti mimi ndiye wa kupokea karatasi za serikali.

Halafu kuna hili watu wa kwetu hawaambiwi, ukiweka anwani ya nyumbani inakuwa wazi kwa dunia nzima, mtu anaingia tovuti ya Comptroller, ofisi ya kodi ya jimbo, anaandika jina la kampuni anakuona bure. Zilianza kunijia barua zenye nembo ya ndege tai na mihuri, ukiisoma haraka unadhani serikali inakudai, kumbe wanauza bango la sheria za kazi. Moja nusura niilipe.

Lakini kilichonitoa kabisa ni dada mmoja tunayefahamiana, konstebo, askari anayepeleka karatasi za mahakama, alimfuata nyumbani siku ya arobaini ya mtoto, wageni wamejaa sebuleni, pilau bado jikoni, jamaa kasimama mlangoni na bastola kiunoni anaita jina la kampuni. Na ishu yenyewe kodi ya pango la ofisi tu, wala si jinai. Lakini nani atakusikiliza ukielezea, wageni wameshaona bastola. Kesho yake nikatafuta kampuni ya wakala wa kulipia. Jina siliandiki, wanajijua. Dola 100 na ushee kwa mwaka, ofisi yao iko Austin, wanapokea karatasi zako, wanaskani, wanakuwekea kwenye dashibodi, yaani ukurasa wa akaunti yako kwenye tovuti yao. Kubadilisha wakala unajaza fomu namba 401 ya Katibu wa Jimbo, ofisi inayosajili makampuni, dola 15, imeisha hiyo.

Na mwaka wa kwanza jamani nisiwe mwongo, raha tupu. Barua za tai zilikata taratibu, nikalala. Nilikuwa nawapigia debe kila mahali. Mtu akiniambia anataka kufungua LLC Wyoming kwa sababu kaambiwa kwenye grupu la WhatsApp ni rahisi, namuuliza kazi unafanyia wapi? Kama ni Texas utarudi kujisajili huku kama kampuni ya jimbo lingine, dola 750, na wakala utamlipia huku na kule. Nilishajiona mtaalamu.

Sasa ndiyo ikaja hiyo ya kliniki.

Kliniki moja ya meno tuliyokuwa tunasafisha ilidai mashine yetu imewaharibia vanishi ya sakafu ya mbao. Tulibishana kwa simu wee, mwisho wakanyamaza, nikajua wameacha. Kumbe wamekwenda mahakama ya JP (Justice of the Peace), hii ndogo inayosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000. Samansi ikapelekwa kwa wakala wangu Austin Jumanne moja. Wakaipokea, wakaskani siku hiyohiyo, wakaiweka kwenye dashibodi, wakatuma imeili. Basi. Hakuna aliyenyanyua simu.

Mimi niliiona Jumatatu ya wiki ya pili yake, karibu saa 6 usiku, tena kwa bahati, niliingia kubadilisha kadi ya benki kwa sababu ya zamani ilikuwa inaisha muda. Naona kidoti chekundu. Nikajua ni tangazo. Nikabofya naona jina la kampuni yangu na neno mshtakiwa, mwili ukaisha nguvu, nikakaa juu ya ndoo ya deki pale pale koridoni mwa ofisi ya watu.

Kwenye mahakama ya JP una siku 14 kuwasilisha majibu. Na zinahesabiwa toka wakala alipokabidhiwa karatasi, siyo toka wewe ulipoiona, shikeni hapo. Akishapokea yeye, kampuni yako imepokea, hata kama uko Tanga unakula mishikaki. (Mahakama kubwa za Texas hesabu yao nyingine, ni Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita, saa 4 asubuhi, nimekuwa mwanasheria wa lazima siku hizi.) Zikipita hujajibu, mwenzio anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja na akapewa. Nilikuwa siku ya 13, tena inakatika.

Asubuhi saa 2 kamili nimewapigia. Muziki. Dakika 40 za muziki, ule wa piano wa kukufanya ulale, na mimi sijalala toka jana. Akapokea kijana mmoja mchangamfu, mchangamfu mno, nikamweleza. Akaniambia nyaraka yako iliwekwa siku tuliyoipokea. Nikamwambia najua, naona tarehe, nauliza kwa nini hamkunipigia, ni samansi hii siyo tangazo la pizza. Akasema taarifa ilitumwa kwa imeili iliyopo kwenye akaunti, sisi tumetimiza wajibu wetu. Nikamuuliza sasa nifanyeje, akasema hawaruhusiwi kutoa ushauri wa kisheria. Sawa. Nikasema nipe msimamizi, akarudia sisi tumetimiza wajibu wetu, kwa sauti ileile kama anasoma ukutani. Halafu, hapa ndipo damu ilipochemka, akaniuliza kama kuna kingine cha kunisaidia leo. Kingine! Cha kwanza kiko wapi? Akanitakia siku njema akakata.

Siku njema. Mpaka leo mtu akinitakia siku njema kwa Kiingereza nasikia ile piano.

Nikawasha gari, barabara ya 610 imefunga kama kawaida yake, nimevaa fulana ya kazi inanuka dawa ya choo, nikafika dirishani kwa karani wa mahakama na majibu niliyoandika kwa mkono, kwamba nakana madai. Mahakama ile mwenye kampuni anaruhusiwa kuisimamia mwenyewe bila wakili, Mungu awabariki waliotunga kanuni hiyo. Yule mama karani akasoma, akagonga muhuri, akaniangalia juu mpaka chini akasema, binti yangu, si ungetuma kwa intaneti tu, ungekuwa na mpaka usiku wa manane. Nilicheka pale dirishani nikalia.

Kesi yenyewe iliisha kwa kuelewana, sina hamu ya kuizungumzia.

Sasa nyota ngapi? Usiku ule ningesema sifuri. Ni wezi, mwambie kila mtu, wanakula hela ya kuskani karatasi kazi ambayo mwanangu wa darasa la tano anaiweza kwa simu. Lakini nilipotulia nikaenda kuangalia ile imeili iliyopo kwenye akaunti ni ipi. Ni ya zamani. Niliifungua enzi zile nasajili kampuni, nywila yake ilikuwa kwenye simu iliyodumbukia kwenye ndoo ya deki mwaka juzi, sijaifungua tena toka hapo. Kwa hiyo ndiyo, walituma. Walituma kaburini, ila walituma. Na mkataba nimeusoma wote, hakuna mahali wameahidi kupiga simu. Kazi ya wakala ni kupokea na kupeleka, yeye si wakili wako wala si mama yako. Hilo nalikubali. Nalikubali huku nimekunja uso.

Ila kijana yule angepungukiwa nini kusema pole? Kwetu hata muuza mchicha ukimwambia umefiwa na simu anakwambia pole dada.

Kwa hasira nikachapisha fomu 401 nyingine, nikasema nawatoa, namweka shemeji yangu, ana duka la matairi, yupo pale asubuhi mpaka jioni. Wakala mpya lazima akubali kwa maandishi au kielektroniki, huwezi kumbambika mtu. Shem akakubali haraka, akasema lete hata sasa hivi. Siku mbili baadaye naenda dukani namkuta ana bili ya umeme kaiwekea betri juu isipeperuke, chini yake barua nyingine hazijafunguliwa, namuuliza shem hizi za lini, ananiambia usijali shemeji, zile muhimu huwa wanarudia. Kisha akaniambia Desemba anafunga duka, anakwenda Bongo miezi miwili.

Nikarudi nyumbani na fomu yangu.

Maana ukikaa bila wakala, au wakala hapatikani, karatasi zako anapelekewa Katibu wa Jimbo na yeye anazituma kwa posta kwenye anwani aliyonayo, na hapo ndipo utakapojua kulia. Na jina langu na mlango wangu sivirudishi kwenye tovuti, nimeshaona bastola ya arobaini.

Basi nikaingia tena kwenye ile dashibodi kubadilisha imeili. Na chini kabisa, chini ya chini, baada ya mambo ya risiti, kuna kisanduku cha kuweka namba ya simu wakutumie meseji zikija karatasi za mahakama. Bure. Kilikuwepo siku zote. Dakika 40 za piano na kijana mchangamfu na hakuna hata mmoja aliyesema dada, kuna kisanduku.

Nilikuwa nawapa nyota 3, sasa nashusha hadi 2.

Nimelipia mwaka mwingine. Fomu ya 401 iko kwenye friji nimeibana na sumaku, imejazwa yote isipokuwa saini.