Gitaa la mapajani linateleza? Cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Gitaa langu la mapajani liliniponyoka katikati ya pambio, Jumapili, nikiwa nimevaa suruali ya kitambaa iliyonyooka kwa pasi. Kila nilipovuta chuma, kile kipande kinachotelezeshwa juu ya nyuzi, kurudi upande wa noti za chini, gitaa nalo lilisogea kidogo kufuata goti la kushoto, mwisho likaenda lenyewe. Ufunguo mmoja wa kukazia nyuzi ulipiga sakafu ya saruji ukapinda. Tangu hapo nimenunua na kukatisha kila aina ya kitu cha kutandika chini yake, na huu ndio mpangilio ningempa mdogo wangu akianza leo.

Kuanguka si shida pekee. Wahawaii walianza kulilaza gitaa mapajani mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo nyuzi zake hazibonyezwi. Chuma hukaa juu yake, na mistari ya shingoni ni ya kuongoza jicho tu. Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 57, mstari wa 12 na wa 13 imeachana kama sentimita 1.6, na hiyo ni nusu toni moja. Gitaa likihama milimita 4 huku umeinua macho kumtazama mwimbaji, umeshatoka nje kwa robo ya nusu toni, na kanisa zima litasikia.

Kabla hujatoa hela, angalia kiti. Stuli ndefu inashusha magoti, na paja likiinama hakuna kitambaa kitakachokuokoa. Kiti cha kawaida cha plastiki kinafaa kuliko vingi vya bei kubwa, kwa sababu makalio yanazama nyuma, magoti yanapanda, na gitaa linakujia tumboni. Kama kiti ni kirefu, weka kibao chini ya miguu.

Sasa ununuzi. Kinachotandikwa lazima kishike pande mbili, gitaa juu na nguo chini. Vitu vingi vinashika upande mmoja tu. Kanga iliyokunjwa, kwa mfano, inatulia chini ya gitaa, halafu vyote viwili vinateleza pamoja juu ya suruali.

Nafasi ya kwanza: ngozi yenye vinyweleo pande zote mbili. Ni ile ngozi ya viatu vya swedi, lakini iliyochanwa kiasi kwamba haina upande wa kung'aa. Usiitafute kwenye maduka ya muziki. Nenda kwa fundi viatu au mshona mikoba, omba kipande cha sentimita 50 kwa 30, mabaki yanatosha na bei ni ya kuelewana. Kipapase kwa kiganja: ukipeleka mkono huku kinakuwa cheusi zaidi, ukirudisha kinapauka. Hicho ndicho. Kisha lowesha kitambaa cheupe kidogo, ukisugue juu ya ngozi. Kitambaa kikitoka na rangi, rudisha ngozi hiyo, maana jasho la saa mbili litahamishia rangi hiyo kwenye gitaa na kwenye suruali. Kipande changu cha ngozi kina miaka kadhaa. Kikianza kulala nakipiga brashi ya viatu, vinyweleo vinasimama tena.

Ya pili: ngozi ya kukaushia magari, ila iwe ya kondoo kweli. Ile ya manjano ya kutengenezwa kiwandani ikikauka inakakamaa kama kadibodi.

Ya tatu: mkeka wa mpira wenye matundu, ule wa kutandika kwenye rafu za kabati au chini ya zulia. Kwa kushika tu, ungekuwa wa kwanza bila ubishi, na unapatikana kila duka la vyombo vya nyumbani. Nimeushusha kwa sababu ya rangi ya gitaa. Magitaa ya zamani, na baadhi ya mapya ya bei kubwa, yamepakwa laka ya nitroselulosi. Kemikali za kulainisha plastiki hutoka polepole kwenye mkeka, zikaingia kwenye laka, ikalainika na kunata, na alama za matundu zikabaki pale daima. Poliyurethani na poliyesta zinazopakwa kwenye magitaa mengi mapya ya bei nafuu huvumilia zaidi. Hata hivyo, ukimaliza kupiga, utoe. Usiufungie ndani ya kasha pamoja na gitaa hata usiku mmoja. Mpira wa stendi nyingi za magitaa una tabia hiyohiyo, na ni watu wachache wanaoambiwa dukani.

Ya nne: mkanda. Unafaa kwa anayepiga akisimama, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa Dobro (gitaa lenye koni ya chuma ya kukuza sauti), au kwa gitaa lenye mwili mdogo. Lile gitaa la alumini la Rickenbacker la 1932, lililopewa jina la kikaango, lina mwili wa duara mdogo sana. Sehemu inayogusa paja ni ndogo. Tatizo ni kwamba magitaa mengi ya mapajani hayana vifungo vya mkanda, na kuyatoboa ni kazi ya fundi anayejua anachofanya.

Ya tano: miguu au stendi. Nimeiweka chini kwa bei na uzito wa kubeba tu. Mwenye gitaa la nyuzi 8 au la shingo mbili aanzie hapa hapa, mapaja yatamshukuru. Stendi ya kinanda yenye umbo la X, na ubao juu yake, inatosha kabisa. Tandika ile ngozi juu ya ubao.

Sponji achana nayo, gitaa linayumba. Gundi ya pande mbili na vifungo vya kunata usiviguse: siku ya kuvibandua vinaondoka na rangi.

Ukishapata chako, kijaribu hivi: kaa, laza gitaa, usukume kichwa chake kwa kidole kimoja kuelekea kushoto. Suruali ikivutika pamoja na gitaa, umenunua sawa.