Kupimisha macho ya wazazi Bukavu: hawa wa Ibanda wanaangaliaka mpaka nyuma ya jicho

Nawapa nyota nne kwa tano. Ni kile kituo cha macho cha huku Ibanda, siku ya posho wanapimaka watu wakubwa hata kama haujisikie mugonjwa, ukisha kupita miaka 40 unakuja tu. Konsiltasio ni dola 5, na franga wanapokea bila maneno mingi.

Kitu kilinifurahisha ni kwamba hawaishie kwa ile tablo ya herufi. Huku mujini sehemu mingi njo vile, unasoma mustari wa chini, wanakuambia uko sawa ao wanakuuzisha miwani, basi. Sasa glokoma, ule ugonjwa wa kuua mushipa wa jicho, inaanzaka kula pembeni ya kile unaona, katikati inabaki safi, mutu anasoma Biblia yake muzuri kabisa na huku mushipa wa jicho unakufa polepole, na kile kimekufa hakirudi hata uende India. Haiko kama mtoto wa jicho, ule wanapasua, wanaweka lensi, unaona tena.

Mama yangu alisoma tablo yote, wakamupima tansio ya macho, ile presha ya ndani ya jicho, ikatoka 18, na ya kawaida inakuwaka kati ya 10 na 21 hivi, mimi nikasimama tuende. Munganga akasema hapana, mukae kwanza, tansio peke yake haitoshe, kuko watu wengi wenye glokoma na tansio yao iko sawa. Akamuwekea matone ya kupanua mboni, tukangoja, kisha akapiga picha ya nyuma akanionyesha kwa ekra: ule mushipa unaonekana duara, katikati kuko sehemu nyeupe kama kikombe, na ya jicho la kushoto ilikuwa kubwa kupita ya kuume. Akasema inaweza kuwa glokoma lakini bado haiko hukumu, arudi wamupime pembeni, ile mashini unaangalia mbele unabonyeza kila ukiona kanukta ka mwangaza. Akauliza kama kuko mutu wa familia alipofuka, mama akataja dada yake, pale munganga akanigeukia: «Na weye pia utakaa kwa hii kiti.» Juu glokoma inafuataka damu, na sisi watu weusi inatushikaka mapema kuliko wazungu.

Kuko pia karatasi ya miraba, unafunga jicho moja unaangalia nukta ya katikati, mistari ikipinda ni alama kwamba katikati ya retina iko na shida. Wenye sukari, mwende kila mwaka, musingoje miaka 40.

Nyota moja nimewanyima juu hakuna mutu alituambia mbele kama ile matone inafifisha macho masaa mingi na jua inachoma. Tulitoka saa sita, mama kajifunika kitenge kwa uso, kufika Nyawera kwa taksi ilikuwa kazi. Fishi nayo yote kifaransa, mama haelewe kitu. Na pale kwa kutokea kuko dada wa miwani, anafuata watu mpaka barabarani, nilimuambia asante dada, siku ingine.

Mwende asubuhi sana, saa tatu mustari umeisha fika kwa geti. Mubebe kofia. Na mwenye kuendesha moto yake mwenyewe aiache nyumbani.