Maji yangu meupe yaliua vidudu

Nina gereji na sehemu ya kuosha magari hapa Tabata. Maji yangu yanaishia mtaroni, na mtaro unaishia Mto Msimbazi. Nilijenga mashimo matatu ya kutenganisha oili, la mwisho nikajaza mkaa maalumu wa kuchujia. Maji yakatoka meupe, hata zile rangi za upinde juu yake hakuna. Mtoto wa dada yangu, anasoma kemia, akanikata maini: "Mjomba, hayo kapime sumu kwanza."

Nikaenda maabara; jina lake silitaji, maana nina lawama nayo. Wanakupa vichupa vya kioo cha kahawia ujaze mpaka mdomoni, pasibaki hata kipovu. Benzini, ile sumu ya kwenye petroli, ikipata nafasi huhamia hewani, kipimo kinasoma pungufu. Kisha unavifukia kwenye deli la barafu. Nililipakata kwenye bajaji, suruali ikalowa yote.

Majibu ya kemikali yalinifurahisha: benzini haikufika mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha WHO cha maji ya kunywa. Nimeshasimama niondoke, fundi wao akasema, "Subiri mzee, vidudu bado."

Vidudu vyenyewe ni dafnia, viumbe vidogo vya majini; wakifa, ujue maji yana sumu. Wanachukua watoto wasiofikisha saa 24, wanawatia watano watano kwenye vikombe, wanawaangalia kwa saa 48. Alinichungulisha. Kwenye maji safi walikuwa wanarukaruka kama punje za mtama kwenye kikaango. Kwenye maji yangu wamelala chini, mmoja tu anatikisa kijimkono.

Yule fundi hakuniacha hapo, na ndiyo maana namsifu. Alichukua maji yasiyo na klorini, akatia sabuni yangu ya kukatia grisi peke yake. Wakafa vilevile. Kumbe vijana wangu wanaimimina bila kipimo, na hiyo hiyo inavunja oili iwe matone madogo yanayopenya mashimo yangu. Mashine ya kupima mafuta haikuwa na habari na sabuni.

Lawama: waliniahidi siku tano, nikangoja kumi na moja. Ripoti kurasa tisa, zote Kiingereza. Bila yule fundi kunisomea ningefungia maandazi. Risiti mpaka niliposimama mlangoni.

Nyota nne. Sabuni nimebadilisha, na Jumatatu napeleka vichupa vingine, safari hii kwa teksi.