Darasa la jioni la kuongea Kiingereza, Mwanga: maoni ya aliyelimaliza

Mwaka jana nilifanya mtihani wa kimataifa wa Kiingereza uitwao IELTS kwa mara ya kwanza bila maandalizi ya maana, nikiamini kwamba miaka tisa ya uuguzi mkoani Kigoma, ambayo mingi niliifanya pamoja na madaktari wageni, ingenitosha. Kusoma na kusikiliza nilivuka vizuri, lakini katika kuongea nilipata 6 kati ya 9, ilhali baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza linataka angalau 7 katika sehemu hiyo. Kwa mkazi wa Kigoma kurudia mtihani si suala la ada peke yake, kwani mimi ilinibidi nisafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, nikalipie na mahali pa kulala. Kwa hiyo niliposikia kwamba hapa Mwanga, mjini Kigoma, kuna darasa la jioni linaloshughulikia kuongea tu, nilijiandikisha siku hiyohiyo.

Darasa ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ofisi, chenye mabenchi manne na feni moja. Tulikuwa watu wanane, tukikutana jioni tatu kwa wiki kwa muda wa wiki sita, na ada ilikuwa shilingi 120,000. Mwalimu wetu ni mama aliyestaafu kufundisha Kiingereza katika shule za sekondari, na hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mwalimu tu.

Jambo lililonifanya niione thamani ya ada yangu ni saa ya ukutani. Sehemu ya kuongea katika IELTS huchukua dakika 11 hadi 14, na ina vipande vitatu: maswali ya kawaida kuhusu nyumbani, kazi na mazoea, kisha kadi yenye mada, ambayo mtahiniwa hupewa dakika moja ya kujiandaa kwa karatasi na penseli kabla ya kuizungumzia kwa dakika moja hadi mbili, na mwisho mjadala mpana zaidi unaotokana na mada hiyohiyo. Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Nisichokijua ni urefu wa dakika mbili mtu anapokuwa anaongea peke yake mbele ya mtu asiyeitikia. Jioni ya kwanza nilinyamaza nikidhani nimemaliza, Mwalimu akatazama ukutani na kusema, «Dada, saa bado. Endelea.» Nilikuwa nimetumia sekunde 50.

Jioni iliyofuata kadi ilitutaka tueleze chombo cha usafiri, na kati yetu wanane, watano tulichagua meli ya Liemba. Tulieleza kwamba iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuteremshwa ziwani Tanganyika mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba abiria. Kila mmoja aliishiwa kabla ya dakika kutimia. Mwalimu alituuliza swali moja tu, kwamba mara ya mwisho tuliipanda lini, tulilala wapi humo ndani na jirani yetu alikuwa amebeba nini. Kijana mmoja, ambaye mama yake hupeleka dagaa katika vijiji vya kusini, akaanza kueleza usiku mmoja wa dhoruba, na dakika mbili zikampita hata Mwalimu akalazimika kumkatiza. Tangu siku hiyo tulipigwa marufuku kutaja mwaka wowote katika kadi isipokuwa ule tuliokuwepo. Nimefikiri sana kuhusu marufuku hiyo, na naona ilikuwa sahihi: habari iliyokaririwa huja na maneno yake machache yaliyokwisha kupangwa, wakati kumbukumbu ya mtu mwenyewe humlazimisha kutafuta maneno, kubadilisha nyakati za vitenzi na kueleza sababu, na hayo ndiyo yanayopimwa.

Mtahini hutoa alama kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Ukweli au uzito wa maoni yako hauna alama yake. Lafudhi ya Kiafrika nayo haikuondolei kitu maadamu unaeleweka bila taabu, na hapa somo la Mwalimu lilikuwa bora kuliko lolote nililowahi kulipata. Alituonyesha kwamba zile sauti mbili za Kiingereza zinazowatesa watu wengi duniani sisi tunazo tayari katika «thamani» na «dhahabu», ila wengi wetu tumezoea kusema «samani» na «zahabu». Alitufundisha Kiingereza kwa kutusahihisha Kiswahili. Sisi ambao nyumbani tunazungumza Kiha tulipewa zoezi letu la peke yetu la kutenganisha l na r. Halafu kuna irabu: neno la Kiingereza la meli na lile la kondoo hutofautishwa na irabu tu, na katika mji wa bandari si vyema mtu akasema kwamba alisafiri siku tatu ndani ya kondoo.

Yapo pia yasiyoridhisha. Katika wiki ya kwanza tuliuziwa, nje ya ada, kijitabu cha nakala chenye majibu yaliyotayarishwa, na sote tukajikuta tunaanza kila jibu kwa sentensi ileile ya kusifia swali. Watahini wamefundishwa kuyatambua majibu ya aina hiyo, na isitoshe kijitabu kilikuwa kinapingana waziwazi na mafundisho ya Mwalimu mwenyewe. Nilimuuliza kwa heshima kwa nini anakiuza, akanijibu kwamba wanafunzi wasipopewa karatasi huona wameibiwa. Sikuridhika na jibu hilo, ingawa nilimwelewa.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kipande cha tatu cha mtihani kilipewa wiki moja tu ya mwisho, na kwa maoni yangu ndicho kinachoamua nani anatoka 6 kwenda 7. Baada ya kadi inayohusu mahali penye maji, kwa mfano, unaweza kuulizwa kwa nini miji mingi duniani ilijengwa kando ya maji na kama itabaki hivyo miaka hamsini ijayo; hapo lazima ulinganishe, ukisie, ukubali upande mmoja na kuupinga mwingine. Tulilifanya zoezi hilo mara tatu pekee. Tena Mwalimu ni mtu wa huruma: hutikisa kichwa, hutabasamu, na ukikwama hukudokezea neno. Mtahini wa kweli hakusaidii hivyo, na anaweza kukukatiza kwa sababu muda umekwisha, jambo ambalo si dalili ya kushindwa. Ilinibidi nimwombe daktari mmoja wa kazini, tusiyezoeana, anihoji mara nne huku simu ikirekodi. Katika rekodi hizo ndimo nilimogundua kwamba ninasema «yaani» katikati ya Kiingereza.

Niliporudia mtihani nilipata 7. Siwezi kusema ni darasa peke yake, maana rekodi za simu zilichangia, lakini bila ile saa ya ukutani nisingejua nirekodi nini.

Ningempeleka hapo mtu anayejua Kiingereza cha kusoma lakini akiulizwa swali anatafuta mlango. Ambaye bado anahangaika kuunda sentensi nisingemshauri alipie, kwa kuwa Mwalimu hafundishi sarufi kuanzia mwanzo na wiki sita zitampita akiwa amenyamaza. Darasa jipya halianzi hadi watimie watu wanane. Mimi nilisubiri wiki mbili baada ya kulipa, na kijitabu kile si lazima kukinunua hata kama kimewekwa juu ya benchi lako.