Seti za hewa ya presha kwa vyumba vya baridi Mombasa: nunua kwa mboga, si kwa friza

Kwa chumba cha matunda na mboga cha nyuzi 2 hadi 10, seti ya kusukumia hewa safi ndani ni ununuzi mzuri, mradi hewa hiyo ipozwe na kukaushwa kabla haijaingia. Kwa friza ya samaki ya nyuzi 18 chini ya sifuri, isifungwe ndani kabisa. Mahali pake ni kile chumba cha mbele, kabla ya mlango wa friza. Na ukiambiwa kwamba inazuia joto hata mlango ukiwa wazi, usikubali. Hesabu haikubali.

Kazi yake ni nyepesi kueleza. Feni inavuta hewa ya nje, inaipitisha kwenye filta, inaisukuma chumbani mpaka presha ya ndani iizidi ya nje kwa Paskali 5 hadi 10. Paskali 10 ni sawa na maji kupanda milimita moja tu kwenye mrija, lakini zinatosha kufanya kila ufa utoe hewa badala ya kuvuta vumbi na unyevu. Faida kubwa zaidi iko kwa wanaochanganya mizigo, kama wauzaji wa jumla wa soko la Kongowea. Ndizi, maembe na parachichi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na mboga za majani zilizowekwa pamoja nazo hugeuka manjano mapema. Hewa mpya huiondoa gesi hiyo pamoja na kaboni dioksaidi.

Sasa unyevu, na hapa ndipo seti nyingi zinaposhindwa Pwani. Chukua siku ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70. Kila mita za ujazo 100 za hewa unazoingiza kwa saa katika chumba cha nyuzi 2 zinakuja na karibu lita 2 za maji ya kuondolewa, na zinadai takriban kilowati 2.3 za ubaridi. Maji hayo yasiponaswa mapema yataganda kwenye koili ya chumba, yaani mirija yenye mapezi inayopoza hewa, hewa itashindwa kupita, kompresa itazunguka mchana kutwa na bidhaa bado zitakuwa vuguvugu. Fundi ataongeza muda wa kuyeyusha barafu, na kila uyeyushaji unarudisha joto ndani. Dawa ni koili ndogo ya awali kwenye bomba la kuingizia, inayoishusha hewa hadi nyuzi 12 hivi. Hapo maji yanayofika chumbani yanabaki nusu lita kwa saa. Seti isiyo na koili hiyo haifai Mombasa hata ikiuzwa nusu bei. Mdomo wa bomba nao uelekee upande ambako koili kubwa inavuta hewa, hewa mpya ipite kwenye ubaridi kwanza. Ukielekezwa kwenye katoni, zile za juu zitalowa.

Feni iwe ya sentrifugo, ile ya gurudumu yenye mapanga yaliyopinda kwenda nyuma, inayoweza kusukuma hadi Paskali 250. Ya panga la kawaida hufanya kazi vizuri siku ya makabidhiano. Filta ikishashika vumbi, inazunguka bila kusukuma kitu.

Mlango, basi. Hewa baridi ni nzito. Chumba cha nyuzi 2 chenye mlango wa mita 2.1 kina tofauti ya karibu Paskali 3 kati ya juu na chini ya mlango; ukifunguliwa, baridi inamwagika chini na joto linaingia juu. Kuupinga mkondo huo kwenye uwazi wa mita za mraba 2 na nusu kunahitaji maelfu ya mita za ujazo kwa saa. Feni ya mita za ujazo 100 kwa saa haina la kufanya. Pazia la plastiki la vipande, likiwa zima na likipishana vizuri, litakusaidia zaidi.

Hata mlango ukifungwa, mita za ujazo 100 kwa saa zinashikilia Paskali 10 ikiwa mianya yote kwa jumla haizidi sentimita za mraba 110 hivi. Raba ya chini ikiisha kwenye mlango wa sentimita 90 na kuacha pengo la sentimita moja na robo, bajeti yote imekwisha hapo. Kwa hiyo badilisha raba na ziba maungio ya paneli kwa silikoni, upande wa nje wenye joto, kabla ya kufikiria feni. Tena pima mahali: kusi ikivuma mita 6 kwa sekunde, ukuta unaoikabili unasukumwa kwa karibu Paskali 20. Chumba kilichosimama uwanjani, mlango ukitazama bahari, kitashindwa na upepo. Kilichomo ndani ya godauni hakina shida hiyo.

Kwenye friza, usidanganyike kwamba seti hii ni mbadala wa vali ya kusawazisha presha. Hewa ya chumba kilichozibwa ikipoa kwa nyuzi 1 tu, presha inashuka kwa karibu Paskali 370. Kwenye mlango wa mita za mraba 2 huo ni mvuto wa kilo 75. Ndiyo maana mlango hukataa kufunguka ukishaufunga, na paneli dhaifu hupinda. Vali ipitishe hewa pande zote mbili na iwe na hita, isigande.

Chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini, kwa hiyo dai koili iliyopakwa epoksi na skrubu za chuma cha pua daraja 316. Bomba la kuvutia likae mbali na moshi wa jenereta, mtaro wa samaki na chumba cha kuivishia ndizi. Liwe pia na kilango kinachojifunga feni ikisimama, maana stima ikipotea joto hurudi kwa njia hiyohiyo. Stima ikirudi, taima iicheleweshe feni mpaka chumba kipoe.

Usimalize malipo bila geji ya presha ya Paskali 0 hadi 60 ukutani, mrija wake ukiwa mbali na upepo wa koili. Funga mlango, feni za koili zikiwa zinafanya kazi, subiri dakika kumi, kisha soma. Ikiwa chini ya 5, mwambie fundi atafute mwanya kwa moshi wa udi kuzunguka mlango kutoka nje. Asiongeze kasi ya feni, kwa sababu kila mita ya hewa anayoongeza inaleta maji yake.