Ziara ya Ballarat: machimbo ndiyo, basi hapana

Kama uko Melbourne, Australia, na unataka kulipia ziara ya basi kwenda kuona machimbo ya dhahabu ya Ballarat, nenda. Ila basi nililopanda mimi silipandi tena.

Muda mwingi ulikwenda Sovereign Hill, mji wa makumbusho uliojengwa kama ulivyokuwa miaka ya 1850. Watoto hawakutaka kutoka. Unapewa karai, unachota mchanga wa kijito na kuusukasuka mpaka chembe zing'ae chini. Zangu zisingetosha hata kuziba jino.

Mimi nilinaswa na habari ya leseni ya kuchimba dhahabu. Mwongozaji aliisimulia vizuri mno: shilingi 30 za Kiingereza kwa mwezi, upate dhahabu usipate, na polisi wakivamia mashimo kusaka wasio nayo. Haki ya kupiga kura, hakuna. Oktoba 1854 mchimbaji James Scobie akauawa karibu na hoteli ya Eureka. Mwenye hoteli, aliyetuhumiwa kumuua, akaachiwa, watu wakaiteketeza hoteli. Mwishoni mwa Novemba wakachoma leseni zenyewe, wakaapa chini ya bendera yao wakiongozwa na Peter Lalor, wakajizungushia boma la mbao. Alfajiri ya Jumapili, 3 Desemba, wanajeshi na polisi walilivunja kwa dakika chache tu. Wachimbaji wasiopungua 22 walikufa.

Watu 13 wakashtakiwa kwa uhaini. Wa kwanza kusimamishwa kizimbani alikuwa John Joseph, Mmarekani mweusi. Baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia, na umati ukambeba kwenye kiti mitaani Melbourne! Wenzake nao wakaachiwa wote. Mwaka 1855 leseni ile ikafutwa, kikaja kibali cha pauni moja kwa mwaka.

Lakini kuhusu Wachina, kimya. Mwaka huohuo koloni la Victoria, yaani eneo hilohilo la Melbourne na Ballarat, liliwatoza pauni 10 kila mmoja anayeshuka melini, hivyo wengi wakateremkia Robe, Australia Kusini, na kutembea mamia ya kilomita hadi machimboni. Hilo nililisoma mwenyewe baadaye.

Kilichoniudhi zaidi ni bendera. Ile halisi ya Eureka, ya buluu yenye msalaba mweupe na nyota, ipo Ballarat, imechakaa, vipande vingine vilikatwa kuwa kumbukumbu. Hata sijaizunguka, dereva anapiga honi.

Panda treni stesheni ya Southern Cross, Melbourne, ni kama saa moja na nusu. Anza na bendera, karai baadaye. Na beba koti zito, hasa Julai.